Ditekta ya dhahabu ya bei nafuu: Mnunuzi wa Budalang'i apime ardhi kwanza

MVUVI wa Port Victoria ambaye nyavu zake zimerudi tupu kwa wiki kadhaa, au mkulima wa Mudembi ambaye mpunga wake umezolewa na maji ya Nzoia, ana kila sababu ya kusimama na kusikiliza anapoambiwa kuwa ipo mashine inayoweza kumwonyesha dhahabu ilipo.

Mashine hiyo ni kigunduzi cha metali, ambacho wachimbaji wengi hukiita ditekta. Hubebwa kwa mkono mmoja, huwa na sahani ya duara upande wa chini, na hulia inapopitishwa juu ya kitu cha metali.

Zamani vifaa vya aina hii vilikuwa mali ya makampuni na watu wenye fedha nyingi. Siku hizi vipo vya bei nafuu vinavyotangazwa hadi kwenye simu za mkononi, na bei yake ni ile inayomshawishi mtu kuuza ng'ombe mmoja, kuomba mkopo wa chama au kuchanga na wenzake watatu.

Je, kifaa hicho kitarudisha fedha zilizokinunua? Jibu fupi ni kwamba katika sehemu kubwa ya Budalang'i hakitazirudisha. Ubovu wa kifaa huchangia, lakini sababu kuu ni ardhi yenyewe. Kabla ya mnunuzi kuuliza mashine ipi ni bora, inampasa aulize dhahabu ya kwao, kama ipo, iko katika umbo gani.

Tamaa yenye msingi

Habari za dhahabu katika eneo hili la mpakani si porojo. Upande wa pili wa mpaka, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, wachimbaji wadogo wa Tiira wamekuwa wakitoboa ardhi kwa miongo mingi. Mnamo 2025, Rais Yoweri Museveni alizindua mgodi mkubwa wa kampuni ya Wagagai katika wilaya hiyo hiyo.

Upande wa Kenya, Kakamega ilijaa wazungu waliokimbilia dhahabu kuanzia 1931, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi ulipofungwa mnamo 1952. Huko Migori, jina la Macalder lingali linatajwa kila mazungumzo ya madini yanapoanza.

Dhahabu ya maeneo haya imo ndani ya miamba ya kale sana iliyotandaa pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo mkazi wa Busia anayedhani kuwa utajiri huo hauko mbali hakosei. Kosa huanza pale anapoamini kuwa dhahabu iliyo karibu ni lazima iwe dhahabu inayoweza kusikika kwa ditekta.

Mfano wa Kakamega unaeleza tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2017, kampuni ya Acacia ilitangaza makadirio ya zaidi ya aunsi milioni 1.3 za dhahabu katika ukanda wa Liranda, zikiwa na wastani wa takriban gramu 12 katika kila tani ya mawe. Kwa wataalamu wa migodi, hicho ni kiwango cha kujivunia.

Lakini tani moja ni gramu milioni moja. Gramu 12 za dhahabu haziwezi hata kujaza kijiko kidogo cha chai, na katika mwamba huo zimetawanyika kwa chembe ambazo nyingi hazionekani kwa macho. Mtu anaweza kupitisha ditekta juu ya jiwe tajiri la namna hiyo kutwa nzima na asisikie chochote.

Ditekta husikia nini?

Ndani ya sahani ya ditekta mna koili ya waya. Umeme wa betri hupita katika koili hiyo ukibadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzalisha nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Nguvu hiyo inapokutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake, na hiyo ndiyo inayonaswa na mashine na kugeuzwa kuwa mlio.

Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. Kwanza, ditekta haitambui dhahabu kama dhahabu. Husikia kipande cha metali kinachopitisha umeme, kiwe pete, kizibo cha soda au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Vipande vidogo vya dhahabu hutoa mlio unaokaribiana sana na ule wa karatasi hiyo, hivyo anayeiamuru mashine isilie kwa takataka huenda akaikataza kulia kwa dhahabu pia.

Pili, ditekta husikia kipande kimoja kilichoshikana, wala haijumlishi chembe. Kijiko cha vumbi la dhahabu lililotawanyika katika toroli la mchanga ni mali ya kweli, ila kwa ditekta ni kimya kitupu.

Kina nacho kina ukatili wake. Kwa kipande kidogo, kina kikiongezeka maradufu, mwitikio unaorudi hupungua kwa takriban mara 64. Ndiyo maana ahadi kwamba kifaa "hufika mita tatu" zinaweza kuwa kweli kwa sanduku la chuma au pipa lililozikwa, huku kipande cha dhahabu cha ukubwa wa punje ya mchele kikipotea baada ya sentimita chache tu.

Aidha, kuna suala la masafa. Vifaa vingi vya bei nafuu vilibuniwa kwa ajili ya kutafuta sarafu na vito vilivyopotea, na hutumia masafa ya chini. Garrett ACE 250, kwa mfano, hutumia kilohezi 6.5, yaani mizunguko 6,500 kwa sekunde. Fisher Gold Bug 2, iliyobuniwa mahususi kwa dhahabu ndogo, hutumia kilohezi 71, nayo Minelab Gold Monster 1000 hutumia kilohezi 45. Masafa ya juu husikia vipande vidogo zaidi, japo nayo husumbuliwa zaidi na ardhi yenye chuma.

Mashine zinazotuma mapigo mafupi ya umeme, kama vile Minelab GPX 5000, huivumilia ardhi ya namna hiyo na kufika chini zaidi. Bei yake, hata hivyo, ni laki kadhaa za shilingi, na haimo katika mjadala wa mtu anayetafuta kitu cha bei nafuu.

Kile ambacho Nzoia huleta

Budalang'i ni tambarare iliyojengwa na mto. Nzoia huanzia nyanda za juu za Cherangani na Mlima Elgon, hukusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita mraba 12,000, kisha huingia Ziwa Victoria katika eneo la Bunyala. Miongoni mwa mito inayoulisha ni Isiukhu, unaopita katika nchi ya dhahabu ya Kakamega.

Mtu anaweza basi kusema: ikiwa maji yanatoka Kakamega, mbona dhahabu isije nayo? Huenda kiasi fulani huja. Lakini dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara 19 ya maji ya ujazo ule ule. Vipande vikubwa huzama na kunasa katika mawe na mashimo ya mto karibu na vilikotoka, pale maji yanapokimbia na kupungua kasi ghafla. Kinachoweza kusafiri makumi ya kilomita hadi tambarare ni unga mwembamba, nao hufika ukiwa umechanganyika na shehena kubwa ya tope.

Tope hilo ndilo linalofanya mashamba ya Bunyala yafae kwa mpunga. Limekuwa likirundikana mafuriko baada ya mafuriko, tabaka juu ya tabaka. Hata kama chini kabisa kungekuwa na mwamba wenye vipande vizuri vya dhahabu, ungekuwa umefunikwa na unene ambao hakuna ditekta ya kubebwa mkononi inayoweza kuupenya kwa shabaha ndogo kiasi hicho.

Badala yake, ditekta katika ardhi hiyo husikia mabaki ya maisha ya watu: misumari ya nyumba zilizobomolewa na maji, vipande vya mabati, ndoana, vizibo na nyaya. Kila mlio ni shimo la kuchimbwa, na kila shimo ni dakika zilizopotea.

Vilima na mawe ya chuma

Ardhi hubadilika mtu anapotoka kwenye tambarare na kupanda kuelekea vilima vya Samia. Huko mwamba uko karibu na uso wa ardhi, na tope la mto halipo. Hata hivyo, vilima hivyo vina tatizo lake: chuma.

Wasamia walisifika tangu zamani kwa uhunzi, wakiyeyusha mawe ya chuma ya nchi yao na kufua majembe. Utajiri huo wa chuma ni kero kwa ditekta ya bei nafuu. Mawe yenye chuma na udongo mwekundu wa murram huirudishia mashine mwitikio wake, nayo hulia ovyo au, ikipunguzwa makali ili inyamaze, hukosa kusikia kipande kidogo cha dhahabu.

Mashine bora huwa na namna ya kusawazishwa na ardhi, ama kwa kitufe au yenyewe, ili izoee chuma cha mahali ilipo na isikie kile tu kinachozidi. Vifaa vingi vya bei ya chini havina uwezo huo, au vimewekwa kiwango kimoja kiwandani kisichobadilika. Kwa mkazi wa Busia, kukosekana kwa uwezo huo pekee kunatosha kumfanya mtu aache kifaa dukani.

Picha za mbali

Matangazo mengi hupambwa kwa picha za mabonge ya dhahabu yaliyojaa kiganja. Baadhi ya picha hizo ni za kweli. Mnamo 1980, katika eneo la Kingower, jimbo la Victoria nchini Australia, mtu mmoja alipata kwa ditekta bonge la zaidi ya kilo 27 lililopewa jina Hand of Faith.

Lakini Victoria ya Australia si Port Victoria ya Bunyala. Ardhi ile inajulikana tangu karne ya 19 kwa mabonge yaliyolala karibu na uso wa ardhi. Vivyo hivyo, maelfu ya watu nchini Sudan walinunua ditekta na wengi wakapata dhahabu katika jangwa, kwa kuwa huko vipande vilikuwa kwenye changarawe kavu isiyo na kina. Mashine iliyomtajirisha mtu jangwani haihamishi jangwa hilo hadi kwenye kinamasi cha Yala.

Hatari nyingine ni bidhaa ghushi. Mwaka 2015, shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa kampuni ya Codan ya Australia, inayomiliki jina la Minelab, iliibiwa michoro yake kwa njia ya kompyuta na nakala za bei ya chini zikauzwa barani Afrika. Kwa hivyo jina kubwa lililobandikwa kwenye kifaa cha bei ya kutupa si dhamana, bali ni sababu ya kushuku.

Ipo pia aina mbaya kuliko zote: kijiti au antena inayodaiwa kuelekea yenyewe penye dhahabu, hata ikiwa umbali wa mamia ya mita. Mwaka 2013, mahakama jijini London ilimfunga mfanyabiashara James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, vikiwemo vilivyonunuliwa na Iraq kwa ajili ya kutafuta mabomu. Ndani havikuwa na chochote kilichofanya kazi. Kinachouzwa kwa madai hayo hayo kwa jina la dhahabu ni mbuzi kwenye gunia.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa hesabu ambao kila mnunuzi anaweza kuurudia kwa bei za siku yake.

Tuseme ditekta inauzwa Sh30,000, na mnunuzi wa dhahabu kijijini analipa Sh8,000 kwa gramu. Mwenye kifaa anahitaji gramu 3.75 ili tu kurudisha bei yake. Lakini muda nao ni fedha. Ikiwa kazi ya kibarua ingemletea Sh500 kwa siku, siku 60 za kuzunguka na ditekta zimemgharimu Sh30,000 nyingine. Sasa anahitaji gramu 7.5.

Kipande cha dhahabu kinacholingana na punje ya mchele kina uzito wa takriban gramu 0.4. Ina maana kuwa katika miezi miwili anapaswa kupata vipande 19 vya namna hiyo, kabla ya kuhesabu betri, nauli na riba ya mkopo, ndipo awe amerudi pale alipoanzia bila faida yoyote. Swali la haki ni hili: je, kuna mtu yeyote katika kijiji chake ambaye amewahi kuokota hata kimoja?

Swali hilo lina thamani kuliko tangazo lolote. Ditekta hulipa mahali ambapo watu tayari wameona vipande kwa macho yao, iwe kwenye mashimo ya zamani, vifusi vya wachimbaji au korongo zilizo chini ya miamba inayojulikana. Pasipo historia hiyo, mnunuzi analipia matumaini.

Jaribio kabla ya kulipa

Anayeishi karibu na ardhi yenye historia hiyo, na bado anataka kununua, anaweza kukijaribu kifaa bila kuwa mtaalamu.

Asikubali jaribio la pete. Wauzaji hupenda kutumia pete kwa sababu umbo lake la mviringo uliofungika huruhusu umeme kuzunguka vizuri, hivyo hulia kwa nguvu kuliko kipande cha kawaida cha dhahabu chenye uzito ule ule. Sarafu nayo hudanganya kwa kuwa ni pana.

Njia bora wavuvi wanayo mikononi mwao. Risasi inayotumika kama chubwi la nyavu hulia karibu sawa na dhahabu. Mnunuzi akate kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, akifukie sentimita 10 katika udongo wa mahali anakokusudia kutafuta, kisha amwombe muuzaji akitafute. Kifaa kisipolia, arudie kwa sentimita tano. Kisipolia hata hapo, mjadala umekwisha.

Baada ya hapo apitishe sahani juu ya murram mtupu na mawe ya chuma. Kikilia kila mahali, hakitamsaidia Samia. Aulize pia kama sahani na nyaya hupatikana zikiharibika, kama sahani inastahimili maji, na kama muuzaji yuko tayari kukirudisha iwapo kitashindwa. Muuzaji anayekataa jaribio ametoa jibu lake.

Kwa wengi, kifaa cha kwanza cha kununua ni karai na wala si ditekta. Karai huosha mchanga na kuonyesha ule unga ambao ditekta haiusikii, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Mtu akiosha makarai mengi kutoka sehemu mbalimbali asione hata ukoka mwembamba wa manjano, amejua ukweli kwa bei ya jasho. Hata akiuona, ajiepushe na zebaki, ambayo mvuke wake hudhuru ubongo na figo na ambayo ikiingia majini huishia katika samaki.

Sheria na kingo za mto

Kumiliki ditekta si ruhusa ya kuchimba. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba la mtu binafsi. Utafutaji na uchimbaji huhitaji kibali, na sheria hiyo imeweka utaratibu wa vibali vya wachimbaji wadogo pamoja na kamati yao katika kila kaunti. Kununua na kuuza madini nako kunahitaji leseni. Mwenye shamba pia ana haki ya kuulizwa kabla ya jembe kuinuliwa.

Budalang'i ina sababu moja zaidi ya kuwa makini. Kingo za udongo zilizoanza kujengwa kando ya Nzoia katika miaka ya 1970 ndizo zinazotenganisha mto na makazi, na wakazi wanakumbuka jinsi maji yalivyowafurusha maelfu mwaka 2020. Shimo linalochimbwa kwenye ukingo kwa kufuata mlio wa msumari linaweza kuwa njia ya maji msimu wa mvua ukifika. Hasara yake haitamwangukia mwenye ditekta peke yake.

Kwa jumla, ditekta ya bei nafuu ina kazi yake. Inaweza kumsaidia mchimbaji wa Kakamega au Migori mwenye kibali anayepekua vifusi ambamo vipande vimewahi kuonekana, mradi ipite jaribio la risasi na murram. Katika tambarare ya Nzoia haina cha kusikia. Mkazi aliye na Sh30,000 mkononi, na ng'ombe ambaye bado hajamuuza, ana hakika zaidi ya nyavu mpya au mbegu ya mpunga kuliko ya mlio ambao, mara nyingi, utakuwa ni wa kizibo cha soda.